Siku tatu za kuitafuta hifadhidata ambayo haikuwepo

Ijumaa hiyo nilifika ofisi ya SACCOS saa tisa alasiri nikiwa na laptopu yangu, waya wa mtandao wa mita 10, na uhakika kwamba magharibi isingenikuta pale. Chama kina wanachama 400 na ushei, wengi wao walimu wa shule za msingi za Morogoro mjini na vijiji vya jirani. Hisa zao, akiba zao, mikopo na marejesho, vyote vilikuwa kwenye mafaili ya Excel yaliyotapakaa kati ya kompyuta mbili na simu ya katibu. Kila kiongozi alikuwa na nakala yake, na kila nakala ilikuwa na ukweli wake. Mkutano mkuu wa mwaka ulibakiza wiki moja, na mwenyekiti alitaka safari hii wanachama wasomewe hesabu moja tu.

Nilikuwa nimechagua PostgreSQL juu ya Ubuntu Server 22.04, mfumo endeshi wa familia ya Linux. PostgreSQL ni programu ya hifadhidata, ya bure na imekomaa. Mizizi yake inarudi hadi mradi wa POSTGRES wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Nilikuwa nimeitumia kwenye laptopu yangu miaka miwili bila shida yoyote, na miaka hiyo miwili ndiyo iliyonipa ujasiri kuliko nilivyostahili. Laptopuni kwangu ilisimama mara moja, nikaisahau. Sikuwahi kujifunza inavyosimamishwa.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM GB 8 na SSD mpya, tukaiweka chini ya meza ya mhasibu. Haikuwa na kioo wala kibodi. Nilikuwa naingia kwa SSH, njia ya kuiamrisha kompyuta nyingine kupitia mtandao, kutoka laptopu yangu, na naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu kisa chote kimo humo.

Nikaandika `sudo apt install postgresql`; apt ndiyo husakinisha programu kwenye Ubuntu. Maandishi yakaanza kushuka. Mama mhasibu, ambaye ametunza leja za chama hicho tangu zikiwa madaftari makubwa ya jalada gumu, akaniuliza kama bando langu litatosha au anitumie mtoto akanunue vocha. Nikageuka kumjibu. Kugeuka kule kuligharimu siku mbili, kwa sababu ndani ya sekunde hizo ujumbe muhimu kuliko yote ulipita kwenye kioo na kusukumwa juu na mistari iliyofuata. Niliporudisha macho, apt ilikuwa imemaliza na inasubiri amri nyingine.

Nikauliza hali: `systemctl status postgresql`. Doa la kijani, na neno active. Pembeni yake, ndani ya mabano, kulikuwa na neno exited, lakini jicho lililochoka huona kijani kwanza. Nikamwambia Mama kazi imekwisha, bado kuingiza majina tu.

Kisha nikaandika `sudo -u postgres psql`, mlango wa kawaida wa kuingilia; psql ni programu ya kuzungumza na hifadhidata, na postgres ni mtumiaji anayeimiliki. Jibu lilikuja na mistari kadhaa. Kulikuwa na malalamiko ya perl, lugha ya programu inayotumiwa na zana za mfumo, ambayo yalikuwa yakitokea tangu nilipoanza kuigusa mashine ile na nilikwisha kuyazoea kama mtu anavyozoea kelele za feni. Kulikuwa na onyo lililotaja klasta, neno ambalo kwa maana hiyo sikulijua. Kulikuwa na `could not change directory to "/home/fundi": Permission denied`. Na mwisho psql ikasema kwamba soketi `/var/run/postgresql/.s.PGSQL.5432`, yaani tundu la kuongelea na hifadhidata, haipo.

Kati ya mistari yote hiyo niliukamata ule niliouelewa. Permission denied: umekatazwa. Nikajiambia tatizo ni ruhusa za mafaili. Kumbe mstari ule hauna madhara yoyote. Unasema tu kwamba umemgeuza mtumiaji kuwa postgres ukiwa umesimama ndani ya folda yako ya nyumbani, na postgres hana ruhusa ya kuingia humo. Kuanzia Ubuntu 21.04 folda za nyumbani hufungwa kwa watumiaji wengine, kwa hiyo mstari huo utauona karibu kila siku. Ukihamia kwanza `/tmp`, unatoweka. Mimi nilifanya jambo ambalo sitalirudia maishani: `chmod -R 777`, amri inayompa kila mtumiaji ruhusa zote, juu ya folda yangu ya nyumbani, kisha juu ya `/var/lib/postgresql`. Psql iliendelea kukataa, na kilichobadilika ni kwamba sasa milango yote ya mashine inayosubiri akiba za walimu ilikuwa wazi.

Baada ya hapo nikaingia kwenye ugonjwa wa kusakinisha upya. `apt install --reinstall`. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na hapa pana jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema, maana sijaliona likielezwa wazi: kwenye Ubuntu na Debian, kifurushi cha PostgreSQL hujaribu kutengeneza klasta ya kwanza, yaani ile hifadhidata yenyewe inayopumua, pale tu toleo hilo linaposakinishwa kwa mara ya kwanza. Jaribio likishindwa, usakinishaji hauhesabiki kuwa umeshindwa. Mafaili ya programu yapo, apt imeridhika. Ukirudia kusakinisha, hajaribu tena, na kwa kuwa hajaribu tena, halalamiki tena. Kila nilivyorudia ndivyo kioo kilivyozidi kuwa safi, nami nikadhani nasogea mbele.

Katikati ya jaribio la tatu umeme ukakatika. LUKU ya ofisi ilikuwa imeisha. UPS ilishikilia dakika chache ikazima. Tulipowasha, apt ikakataa kabisa, ikasema dpkg, chombo cha kusakinisha kilicho chini yake, ilikatizwa na niendeshe `sudo dpkg --configure -a`. Nikaiendesha, ikapona. Lakini tukio hilo lilinipotosha kuliko yote, kwa sababu sasa nilikuwa na mshtakiwa. Jioni nzima nilishikilia kwamba umeme umeharibu mafaili. Nikapima diski, nikapima kumbukumbu, nikatafuta faili la `postmaster.pid` lililobaki baada ya mashine kuzimika ghafla. Sikulipata. Kutolipata kungenifungua macho, maana faili hilo hukaa ndani ya folda ya data, na folda ya data haikuwepo. Sikujiuliza folda iko wapi. Nilijiuliza faili liko wapi.

Saa tatu usiku Mama mhasibu akafunga ofisi. "Mwanangu, nenda ukalale," akasema. "Leja haijawahi kukimbia." Nikaondoka na aibu yangu.

Jumamosi asubuhi nikampigia kaka mmoja wa Dodoma aliyenifundisha Linux tangu mwanzo. Nikamsimulia umeme, UPS, ruhusa, yote. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo ni heshima kubwa kwa mtu aliyekwisha kujua jibu. Kisha akauliza swali moja.

"Mdogo wangu, `pg_lsclusters` inasema nini?"

Nikaiandika. Ikatoa vichwa vya safu: toleo, klasta, poti, hali, mmiliki, folda ya data, faili la logi. Chini ya vichwa hivyo, hakuna mstari hata mmoja.

"Hamna kitu, kaka."

"Basi huna hifadhidata. Unatafuta kosa la mtu ambaye hajazaliwa."

Nikamuuliza kuhusu kijani. Akanieleza kwamba kwenye familia ya Debian, huduma inayoitwa `postgresql` ni mwavuli tu. Kazi yake ni kuziwasha na kuzizima klasta zote kwa pamoja. Yenyewe huendesha amri isiyofanya kitu, inafaulu, inatoka. Ndiyo maana husema active, na ndiyo maana husema exited. Ukitaka kujua kama hifadhidata iko hai, muulize mwenyewe kwa jina lake: `systemctl status postgresql@14-main`. Nilipouliza hivyo, hapakuwa na kijani.

Halafu akanipa zawadi ambayo naitumia hadi leo. Akasema kila kinachopita kwenye kioo wakati wa apt huandikwa pia kwenye `/var/log/apt/term.log`. Nikalifungua faili, nikapanda juu hadi Ijumaa alasiri, hadi dakika ile niliyogeuka kuzungumza habari za vocha. Ujumbe ulikuwepo, umetulia, unanisubiri. Kwanza perl inasema imeshindwa kuweka mpangilio wa lugha, inaonyesha `LC_ALL = "sw_TZ.UTF-8"`. Kisha pg_createcluster inasema lugha na eneo vilivyoombwa na mazingira si halali. Kisha sentensi iliyonifanya niweke simu mezani: imeshindikana kutengeneza klasta ya mwanzo, tafadhali itengeneze mwenyewe kwa `pg_createcluster 14 main --start`.

Kosa, sababu yake na dawa yake, vyote vilikuwa vimeandikwa tangu saa tisa na nusu ya Ijumaa.

Na sababu ilikuwa Kiswahili changu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeandika kwenye `.bashrc`, faili la mipangilio, ya laptopu yangu `export LC_ALL=sw_TZ.UTF-8`, kwa sababu napenda kuona tarehe na siku kwa lugha ninayoiota. Sw ni Kiswahili, TZ ni Tanzania. Maktaba ya glibc, ambayo programu za Linux huitegemea, inayo mipangilio hiyo, na inayo pia ya sw_KE kwa ndugu zetu wa Kenya. Kwenye laptopu ilikuwa imetengenezwa na ikafanya kazi. Lakini SSH ya Ubuntu ina tabia ya ukarimu: upande wa mteja hutuma LANG na kila kitu kinachoanza na LC_, na upande wa seva hupokea. Kila nilipoingia kwenye seva nilikuwa naingia na lugha yangu begani, na seva, ambayo ilikuwa imeandaliwa kwa Kiingereza cha Marekani pekee, haikuijua. Mambo mengi ya Linux yakikuta lugha wasiyoijua hulalamika kidogo na kuendelea. PostgreSQL haiwezi, kwa sababu lugha huamua jinsi itakavyopanga maneno na kutambua herufi kwa miaka yote ya maisha ya hifadhidata hiyo. Inakataa kukisia. Siku hizi naiheshimu sana kwa kukataa kule.

Ningesimama hapo kidogo, nikafikiri, kisa kingekuwa kifupi. Lakini nilikuwa nimepoteza siku nzima, na mtu aliyepoteza siku hutaka kuirudisha kwa haraka. Nikaandika `sudo LC_ALL=C pg_createcluster 14 main --start`. C ni mpangilio wa asili, upo kwenye kila mashine. Klasta ikazaliwa, poti 5432, hali online. Nikaingia kwa psql. Nikashangilia peke yangu ofisini.

Alasiri hiyo nikaingiza mafaili. Nilikumbana na Permission denied nyingine, safari hii ya kweli: amri ya COPY, ya kuingiza faili, huendeshwa na seva kama mtumiaji postgres, kwa hiyo ni yeye anayehitaji kufikia faili, si wewe. Dawa ni `\copy`, yenye mkwaju mbele, ambayo husoma faili kwa ruhusa zako na kulipeleka. Baada ya hapo majina yote yakaingia bila kosa hata moja. Mafaili matatu kutoka watu watatu, bila kosa hata moja. Hilo lilipaswa kunitisha.

Jumapili Mama mhasibu alipita akitoka ibadani, bado na kitenge cha kwaya, akitaka kuona. Nikampa kiti. Akaandika jina la mwalimu mmoja wa ukoo wa Ng'wandu. Mstari mmoja ukatokea.

"Huyu namjua," akasema. "Ana mkopo, na mwezi uliopita amerejesha. Hapa mbona hana kitu?"

Nikatafuta kwa jina la kwanza. Akatokea mara tatu. Mara moja ana hisa, mara moja ana mkopo, mara moja ana simu tu. Mama akasogeza kiti, akavua miwani, akaivaa tena. "Mwanangu, mtu mmoja umemfanya watatu."

Nilianza kuchunguza herufi kwa herufi. Tofauti ilikuwa kwenye ile alama ya ritifaa kati ya g na w. Faili la kompyuta ya pili lilikuwa na alama ya kawaida ya kibodi, iliyosimama wima. Orodha ya Mama ilikuwa imeandikwa kwanza kwenye Word, ambayo huipinda alama hiyo yenyewe, ikahamishiwa Excel, ikahifadhiwa kama CSV, faili la maandishi matupu, kwa usimbaji wa herufi wa Windows ya zamani. Humo alama iliyopinda huwa baiti moja, 92 kwa hesabu ya heksadesimali. Orodha ya katibu ilitoka kwenye simu kupitia WhatsApp, alama iliyopinda vilevile, lakini kwa UTF-8, usimbaji wa kisasa, ambako huchukua baiti tatu. Kwa jicho ni jina moja. Kwa mashine ni majina matatu.

Kwa nini hifadhidata haikulalamika? Nikaandika `SHOW server_encoding`. Ikajibu SQL_ASCII. Hili ndilo lililotokana na ile C yangu ya haraka: ukitengeneza klasta kwa mpangilio wa C bila kutaja usimbaji wa herufi, unapewa SQL_ASCII, na jina hilo linadanganya. Halimaanishi kwamba inakubali ASCII, yaani herufi na alama za msingi za Kiingereza, peke yake. Maana yake ni kwamba haikagui chochote kilicho nje ya ASCII. Inapokea baiti zozote na kuzihifadhi jinsi zilivyo. Nikafanya jaribio dogo ambalo huwaonyesha vijana ninaowafundisha sasa. Nikaomba urefu wa neno ng’ombe, lenye alama iliyopinda. Mtoto wa darasa la pili atahesabu herufi na alama yake, atapata 7. Seva yangu ikasema 9. Ilikuwa inahesabu baiti, haijui herufi ni nini.

Kiswahili kinaandikika chote kwa ASCII, ndiyo maana watu wetu wengi hawajui kabisa kwamba wana hifadhidata za namna hii. Hatuna herufi zenye vidoti wala vikofia kama Kifaransa. Tunayo ng' tu, na majina ya koo zetu yamejaa ng': ya Wasukuma, ya Wagogo, ya wengine wengi. Alama moja ndogo inatosha kumnyima mwalimu mkopo wake.

Nilijaribu kwanza njia ya kuokoa muda, `createdb -E UTF8`. Ikakataa: usimbaji mpya hauoani na wa hifadhidata mama, tumia template0, kiolezo kitupu. Ningeweza kutii hilo na ingefaa. Lakini safari hii niliamua kuanza tangu msingi. Data yote ilikuwa bado kwenye CSV, hakuna cha kupoteza. Nikaifuta klasta kwa `pg_dropcluster --stop 14 main`, na naomba mtu asiinakili amri hiyo bila kuielewa, kwa sababu inafuta data yote na haiulizi mara mbili. Kisha nikaitengeneza upya kwa `--locale C.UTF-8`.

Nilikaa sana na uamuzi huo wa lugha ya klasta. Moyo ulitaka sw_TZ. Lakini PostgreSQL kwa kawaida huazima kanuni za kupanga maneno kutoka glibc ya mfumo, na kanuni zikibadilika chini yake, faharasa, yaani orodha za kutafutia data haraka, zilizojengwa kwa kanuni za zamani zinakosea. Ilitokea kweli kwa glibc 2.28 ya mwaka 2018: watu waliosogeza mfumo wao wa Linux bila kujenga upya faharasa walikuta mistari ya data ambayo ipo lakini haipatikani. Ofisi ile haina fundi wa kudumu. Atakayesasisha mashine baada ya miaka mitatu huenda asiwe mimi. C.UTF-8 hupanga kwa namba za herufi tu. Si upangaji mzuri, maana herufi kubwa zote hutangulia ndogo, lakini hautambadilikia mtu.

Nilipoingiza orodha ya Mama mara ya pili, seva ikanisimamisha hapohapo: `invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0x92`. Sijawahi kufurahia kosa namna ile. Ile baiti 92 iliyopenya kimya Jumamosi sasa ilikamatwa mlangoni. Nikarudia `\copy` nikiitajia kwamba faili hili ni WIN1252, usimbaji ule wa Windows, ikatafsiri yenyewe, ikapita. Orodha ya katibu ikapita kama UTF8. Kisha UPDATE moja yenye replace ikageuza kila alama iliyopinda kuwa ya wima.

Nilitaka pia kusawazisha herufi kubwa na ndogo kwa initcap, ambayo hukuza herufi ya kwanza ya kila neno. Ikanipa Ng'Wandu, W kubwa, kwa sababu kwake chochote kisicho herufi wala tarakimu ni mwanzo wa neno jipya. Nikaiacha, nikayaweka majina yote kwa herufi kubwa. Mama akasema ndivyo yalivyo kwenye leja tangu mwanzo.

Kosa kubwa zaidi halikuwa la Linux hata kidogo. Nilikuwa nimeunganisha orodha tatu kwa majina, kwa kuwa orodha ya katibu haikuwa na namba za uanachama na mimi sikutaka kumsumbua mtu. Baada ya alama kusawazishwa, bado yalibaki majina 23 yasiyoeleweka: waliofanana majina, walioolewa wakabadili, mmoja aliyeandikwa kwa jina la baba sehemu moja na la babu sehemu nyingine. Hapo hakuna amri. Mama mhasibu alifungua leja ya karatasi, akaninyoshea kidole mstari baada ya mstari, nami nikaandika namba. Tulikaa hadi saa moja na nusu usiku. Kila jina alikuwa na habari zake: huyu alihamia Kilosa, huyu amestaafu, huyu na yule ni mapacha, usiwachanganye. Namba ya uanachama sasa ndiyo ufunguo mkuu wa jedwali, na jina ni jina tu.

Kuiunganisha kompyuta yake kupitia mtandao wa ofisi kulichukua nusu saa. Mwanzoni muunganisho ulikataliwa, kwa kuwa PostgreSQL husikiliza localhost, yaani mashine yake yenyewe, peke yake. Hilo hubadilishwa kwenye listen_addresses na linahitaji kuwasha upya. Kisha ikasema hakuna mstari wa pg_hba.conf, faili la orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, unaomruhusu, huo ukiongeza, kusoma upya mipangilio kunatosha. Nilimruhusu yeye na mtandao wa ndani tu, kwa scram-sha-256, njia salama ya kuhakiki nywila.

Jumatatu asubuhi nikajaribu kwa mara ya kwanza kuingia kwenye seva kwa ufunguo wa SSH badala ya nywila, nikashindwa. Safari hii sikusakinisha chochote upya. Niliingia kwa nywila, nikaenda moja kwa moja kwenye `/var/log/auth.log`, nikaanza kusoma kutoka juu. Authentication refused: umiliki au ruhusa mbaya. Ilikuwa ile 777 ya Ijumaa. SSH haiamini ufunguo uliowekwa kwenye nyumba ambayo kila mtu anaweza kuingia na kuubadilisha. Nikairudisha folda ya nyumbani 750, folda ya ufunguo 700, na faili la authorized_keys 600. Dakika nne.

Nikampigia kaka kumshukuru. Akacheka, akasema, "Sasa toa hicho Kiswahili kwenye laptopu, kisikusumbue tena." Wengi wangesema hivyo, na nusu yake ni kweli: LC_ALL haifai kuwekwa moja kwa moja, kwa kuwa hufunika kila kitu. Niliiondoa, nikabakiza LC_TIME, ambayo hugusa tarehe peke yake. Lakini nusu nyingine niliikataa, na nilimwambia hivyo kwa adabu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walikaa wakatafsiri programu nzima ya ofisi wakatoa Jambo OpenOffice. Mtu fulani aliketi akaandika majina ya siku zetu ndani ya glibc ili mashine yoyote duniani iweze kuyatamka. Kazi hiyo imekwisha kufanywa. Kilichokosekana kwenye seva yangu ilikuwa amri moja.

Nikaiandika: `sudo locale-gen sw_TZ`. Nikatoka, nikaingia tena. Malalamiko ya perl yakawa yamekwisha. Mama mhasibu alikuwa ameinama nyuma yangu, anasubiri nimpishe kiti aanze kuingiza marejesho ya mwezi.

"Inafanya nini hapo?" akauliza.

"Naiuliza leo siku gani, Mama." Nikaandika `date +%A`.

Jumatatu, ikajibu.